Silinda ya Mashine ya Boti Ikilika: Kuichonga au Kubadilisha Bloku

Wenye vyombo wengi wa Unguja na Pemba hukutana na swali hili pale mashine ya nguvu za farasi 15 au 40 inapoanza kutaka kuvutwa kamba mara nyingi asubuhi, inapolegea chombo kikishapakia nyavu na watu, na inapokunywa petroli nyingi kuliko ilivyozoea. Fundi hufungua silinda hedi, hupitisha kidole ndani, kisha hutamka kwamba silinda imelika. Hapo maneno hugawanyika: mmoja husema ichongwe, yaani tundu lake lipanuliwe, na itiwe pistoni kubwa zaidi, mwengine husema chuma kikishalika hakina dawa na bora inunuliwe bloku nyengine, yaani ule mwili wa mashine wenye silinda ndani. Kila mmoja ana mfano wa mtu anayemjua. Mimi naona kwamba rai zote mbili zinaweza kuwa sahihi, na zote mbili zinaweza kumtia mwenye chombo hasarani, kwa sababu swali hili halijibiki kwa rai. Linajibiwa kwa maikromita, yaani kifaa cha kupimia vipimo vidogo sana, kwa kuijua sababu iliyoifanya silinda ilike, na kwa pistoni ambayo imeshapatikana na imeshikwa mkononi.

Maelezo haya yanahusu zaidi mashine za mapigo mawili za aina ya Yamaha Enduro, ambazo wavuvi wetu wamezizoea kuanzia Nungwi na Mkokotoni hadi Tumbe na Kojani. Mashine ya 15 ina silinda mbili, kila moja ikiwa na kipenyo cha milimita 56 na mwendo wa pistoni wa milimita 50, na ujazo wake wote ni sentimita za ujazo 246. Mashine ya 40 nayo ina silinda mbili, lakini kipenyo ni milimita 80, mwendo ni milimita 70, na ujazo ni 703. Bloku zote mbili ni za aluminiamu, na ndani yake mna slivu ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka. Slivu hiyo ndiyo inayolika na ndiyo inayochongwa. Pistoni za ovasaizi kwa mashine hizi hupatikana katika hatua mbili, yaani 0.25 na 0.50 ya milimita juu ya saizi ya standadi, kwa hiyo mwenye mashine ambayo haijawahi kuguswa ana nafasi mbili za kuchonga na si zaidi. Mwenye mashine ya aina nyengine ahakikishe kwanza kwamba silinda yake ina slivu ya chuma, kwa kuwa zipo silinda za aluminiamu tupu zilizopakwa ndani tabaka jembamba na gumu lenye nikeli, na hizo hazichongwi kwa njia ya kawaida. Sumaku ndogo inatosha kumpa fununu: kwenye slivu ya chuma itang'ang'ania barabara.

Kabla ya kufungua

Watu huharakia spana. Mashine ikiwa bado inawaka, pima kwanza kompresheni yake, yaani mgandamizo wa pumzi ndani ya silinda, kwa sababu kipimo hicho hakigharimu kitu na mara nyengine huokoa kazi yote. Iwashe mpaka ipate moto, ondoa plagi zote mbili, zuia umeme wa plagi usiruke ovyo, fungua mafuta hadi mwisho, funga geji ya kompresheni kwenye tundu la plagi, kisha vuta kamba mara kadhaa mpaka mshale wa geji usimame. Fanya hivyo kwa kila silinda. Tofauti ya zaidi ya sehemu moja ya kumi baina ya silinda mbili ni dalili kwamba mojawapo ina tatizo, na silinda zote mbili zikiwa chini kwa pamoja hiyo nayo ni dalili, ingawa mashine ya namna hii huwadanganya watu wengi kwa kuwa hulegea kidogo kidogo na mwenyewe huzoea.

Hata hivyo kompresheni ndogo haithibitishi kwamba silinda imelika. Gasketi ya hedi iliyoungua hupitisha pumzi. Ringi zilizoganda ndani ya mifereji yake kwa masizi hupitisha pumzi vilevile, na tatizo hilo ni la kawaida kwa mashine zinazotumia oili ya kuchanganya isiyofaa au zinazokwenda taratibu kwa muda mrefu, kama zinavyofanya wakati wa kuvua kwa mshipi. Ringi zikiganda, pistoni husafishwa, ringi mpya hutiwa, na silinda iliyo salama huachwa kama ilivyo. Nimeona bloku nzuri ikipelekwa kuchongwa kwa sababu tu hakuna aliyechukua muda wa kuziangalia ringi.

Kupima silinda

Hedi ikishatoka na pistoni zikishaondolewa, futa kuta za silinda kwa kitambaa safi na uziangalie kwa tochi. Sehemu ya juu kabisa, pale ambapo ringi ya kwanza hugeuka, pitisha ukucha kutoka juu kwenda chini. Ukucha ukikwaa kwenye ukingo, chuma kilicho chini ya ukingo huo kimelika. Kipimo hiki cha ukucha kinatosha kukutia shaka, lakini hakitoshi kukupa uamuzi, na fundi anayeishia hapo akakutajia bei unapaswa kumuomba aendelee.

Kipimo chenyewe hufanywa kwa geji ya ndani pamoja na maikromita, katika sehemu tatu za silinda, yaani juu, kati na chini, na kila sehemu hupimwa mara mbili: mara moja kwa mwelekeo wa krenki (mtaimbo unaozungushwa na pistoni), na mara moja kwa kuukata mwelekeo huo. Epuka kuweka mguu wa geji kwenye matundu ya moshi na matundu ya kupitishia mchanganyiko, kwa sababu hapo hakuna ukuta wa kupima. Andika namba zote sita kwenye karatasi. Tofauti baina ya kipenyo kikubwa kabisa cha juu na kidogo kabisa cha chini huonesha namna silinda ilivyotanuka kama faneli, na tofauti baina ya mielekeo miwili mahali pamoja huonesha namna ilivyoacha kuwa duara. Kwa mashine nyingi za Yamaha za mapigo mawili kikomo cha kutanuka ni milimita 0.08, na kikomo cha kuacha uduara ni 0.05. Kitabu cha ufundi cha mashine yako ndicho chenye neno la mwisho, na nakala yake inafaa kuwekwa kwenye simu ya kila mwenye chombo.

Chukua mfano wa mashine ya 40 ambayo namba zake ni hizi: juu ni 80.11 kwa mwelekeo mmoja na 80.07 kwa mwengine, na chini ni 80.02 na 80.01. Uduara haujavuka kikomo, kwa kuwa 80.11 ukiondoa 80.07 inabaki 0.04. Lakini kutanuka kumefika 0.10, na hapo ringi mpya peke yake haitasaidia, maana italazimika kufunguka na kujibana kila pistoni inapopanda na kushuka, nayo itachoka au kuvunjika mapema.

Si kila karakana ya Wete au Chake Chake ina geji ya ndani, na wapo mafundi wazuri wanaofanya kazi bila hiyo. Kwao ipo njia ya ringi, ambayo inataka ringi mpya ya saizi iliyomo sasa na fila geji tu, yaani vibati vyembamba vya kupimia mwanya. Ingiza ringi peke yake kwenye silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawasawa bila kulalia upande, kisha pima mwanya uliopo baina ya ncha zake mbili. Fanya hivyo juu, chini kidogo ya ule ukingo, na ufanye tena chini kabisa ya silinda ambako pistoni haisugui sana. Toa mwanya wa chini kwenye mwanya wa juu, kisha gawa kwa 3.14. Kwa mfano mwanya wa juu ukiwa 0.90 na wa chini ukiwa 0.55, tofauti ni 0.35, na ukigawa unapata takriban 0.11 ya milimita, ambayo imepita kikomo. Hesabu hii ni sahihi kwa sababu mwanya wa ringi hufuata mzunguko wa duara na si kipenyo chake. Udhaifu wake ni kwamba haioneshi kuacha uduara, kwa hiyo silinda iliyofaulu kipimo cha ringi bado inafaa kupelekwa kwa mwenye geji kabla ya kufungwa.

Kuisoma pistoni

Hili ndilo jambo ambalo wengi hulipita, na kwa maoni yangu ndilo lenye thamani kuliko yote. Silinda iliyolika ni matokeo. Ukiichonga ikawa nzuri, ukaifunga bila kuondoa sababu, mashine itarudi kwa fundi kabla ya msimu kwisha, na safari hiyo itakuwa imebakiwa na nafasi moja ya kuchonga badala ya mbili. Sababu huonekana zaidi kwenye pistoni ya zamani kuliko kwenye silinda, kwa hiyo usikubali pistoni hiyo itupwe.

Pistoni iliyochubuka pande nne, kama kwamba imebanwa na pembe nne za sanduku, mara nyingi ilipata joto na kufura haraka kuliko silinda. Sababu ya kwanza ya kuitafuta hapo ni maji ya kupoza: impela (gurudumu la pampu ya maji) iliyokatika mbawa, thamostati iliyoganda, au njia za maji zilizojaa chumvi. Mashine zetu hutembea kwenye maji ya bahari kila siku na nyingi hazisukutuliwi kwa maji baridi baada ya kazi, na chumvi hujijenga taratibu ndani ya njia hizo mpaka zinabaki nyembamba sana, huku lile jicho la maji la nyuma likiendelea kutoa maji na kumdanganya nahodha kwamba kila kitu ni salama. Jicho hilo linathibitisha kwamba pampu inasukuma; halithibitishi kwamba maji yanaizunguka silinda yote.

Pistoni iliyochubuka upande wa tundu la moshi peke yake huelekeza kwenye upungufu wa oili au mchanganyiko uliokosa petroli ya kutosha. Angalia kabureta kama jeti zake zina uchafu, angalia bomba la mafuta kama linavuta hewa, na angalia sili za krenki, kwa sababu sili iliyokufa huingiza hewa kutoka mahali ambapo hakuna anayetazama. Muulize pia anayechanganya mafuta. Mashine hizi nyingi hutaka sehemu 50 za petroli kwa sehemu moja ya oili, yaani lita 25 za petroli kwa nusu lita ya oili, na kukadiria kwa macho ndani ya dumu usiku wa giza si kipimo. Pistoni iliyotoboka kichwani nayo ni habari nyengine, kwani hiyo hutokana na mripuko usio wa wakati wake, na huko plagi isiyo ya aina yake na mafuta mabovu hushukiwa kwanza.

Mara nyingi mashine ikishakamata, kuta za silinda huonekana zimejaa mistari mirefu ya kutisha. Usikate tamaa, wala usikate shauri, kabla ya kujua mistari hiyo ni ya nini. Aluminiamu ya pistoni huyeyuka na kujipaka kwenye chuma, na ikikauka hufanana kabisa na mkwaruzo. Sugua mahali hapo kwa mkono ukitumia msasa mwembamba uliolowa oili, kwa kwenda mshazari, na kwa subira. Ikiwa ule weupe unatoka na chini yake chuma kinatokeza kikiwa laini, silinda haijadhurika kama ulivyodhani, na huenda kuihoni kidogo, yaani kuisugua kwa mawe laini ya kunolea, pamoja na pistoni mpya ya saizi ileile kukatosha, mradi vipimo viko ndani ya kikomo.

Hesabu ya kina

Mkwaruzo wa kweli, uliokwenda ndani ya chuma, unaamuliwa kwa hesabu ambayo si ngumu lakini huwachanganya watu. Ukichonga hadi ovasaizi 0.25, kipenyo kinaongezeka kwa 0.25, lakini kila ukuta unapunguzwa nusu yake tu, yaani kiasi cha 0.125. Mkwaruzo wenye kina cha 0.10 utaondoka. Mkwaruzo wenye kina cha 0.20 hautaondoka, na utabaki ukipitisha pumzi kwenye silinda ambayo umeshailipia. Huo unahitaji 0.50, ambayo hukata kiasi cha 0.25 kila upande. Mkwaruzo uliozidi hapo, au shimo la kutu lililokula zaidi ya hapo, unaifanya bloku hiyo isichongeke kwa pistoni zilizopo sokoni. Kwa sababu hiyohiyo silinda iliyolika upande mmoja tu huhitaji kuchongwa zaidi ya namba ya kipenyo inavyoonesha, kwa kuwa mchongaji mzuri hushikilia kitovu cha asili cha silinda na hahamishi tundu zima kufuata upande uliolika.

Wapo wanaodhani kwamba kwenda moja kwa moja kwenye 0.50 kunaongeza nguvu. Mashine ya 40 iliyochongwa silinda zote mbili hadi 80.50 inakuwa na ujazo wa takriban 712 badala ya 703, yaani ongezeko la kiasi cha asilimia moja na robo. Hakuna nahodha atakayeliona ongezeko hilo, ila ataiona siku ambayo mashine itahitaji kuchongwa tena na hakuna pistoni ya kutia. Ikiwa 0.25 inaisafisha silinda, simama hapo.

Kiufundi inawezekana kuchonga silinda moja na kuiacha nyengine kwenye standadi, na wapo wanaofanya hivyo mashine zikaenda vizuri. Mimi napendelea zichongwe zote mbili pale ambapo zote zimetumika muda mmoja, si kwa sababu ya mtikisiko, bali kwa sababu ile iliyobaki iko karibu kufika kikomo na gharama ya kuifungua mashine mara ya pili ni kubwa kuliko ya pistoni. Silinda moja ikiharibika kwa ajali, kwa mfano ringi imevunjika, na ya pili ikapima vizuri, kuchonga moja ni busara.

Pale ambapo kuchonga ni kupoteza fedha

Bloku inapaswa kukaguliwa yote kabla ya slivu kugharimiwa. Angalia uso wa juu ambapo gasketi ya hedi hukaa. Bahari hula aluminiamu, na mara nyingi huanza pale njia za maji zinapokaribia silinda. Ikiwa kuta baina ya maji na silinda zimekuwa nyembamba au zimemegeka, gasketi mpya haitakaa na maji yataingia kwenye silinda iliyochongwa jana. Weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wa hedi na upitishe fila geji chini yake: upindaji wa zaidi ya 0.1 ya milimita unataka hedi isawazishwe, na ukizidi sana inabadilishwa. Angalia nyufa karibu na matundu ya boliti, na angalia boliti zilizokatikia ndani, maana kuzitoa kwenye aluminiamu iliyoliwa na chumvi kunaweza kuigharimu bloku yenyewe.

Kisha shika konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, na uisikilize krenki. Mashine iliyozama, hata kama ilitolewa siku ileile, huwa na kutu kwenye beringi zake ndani ya muda mfupi ikiwa haikumiminwa oili mara moja. Zungusha krenki taratibu kwa mkono. Ikikwaruza kama ina mchanga, beringi zimekwisha, na hapo hesabu inabadilika kabisa, kwa kuwa utalipia kuchonga, pistoni mbili, ringi, gasketi, sili, beringi na pengine krenki nzima. Kanuni ninayoifuata ni kwamba jumla ya vitu hivyo vyote ikivuka nusu ya bei ya bloku mpya pamoja na krenki yake, naacha kuchonga. Ni kanuni ya mfukoni tu, na mwenye karakana yake mwenyewe anaweza kuisogeza.

Kutia slivu mpya ni njia ya tatu, na wapo wanaoitaja kana kwamba ni jambo jepesi. Kwa mashine ya mapigo mawili si jepesi. Slivu ya zamani imesubuwa pamoja na aluminiamu, kwa hiyo haing'oki. Inalazimika kuchongwa yote iishe, mpya ishindiliwe kwa nguvu, na matundu yake ya moshi na ya mchanganyiko yalingane sawasawa na yale ya bloku. Karakana iliyozoea kazi hiyo inaiweza. Ambayo haijazoea itakurudishia bloku yenye matundu yaliyopishana, na mashine hiyo haitapata nguvu kamwe.

Bloku iliyotumika, iliyotolewa kwenye mashine nyengine iliyokufa, inaweza kuwa nafuu, lakini ipimwe kama ulivyoipima yako. Muuzaji anayekataa isipimwe amekwisha kukujibu. Angalia pia kichwa cha pistoni zilizomo: pistoni ya ovasaizi kwa kawaida huwa na alama ya 025 au 050, na bloku yenye pistoni za 050 haina tena nafasi ya kuchongwa hata ikiwa inang'aa.

Pistoni kwanza, chuma baadaye

Ukishaamua kuchonga, mpango mzuri ni kununua pistoni na ringi kabla ya bloku kuguswa. Mazungumzo kama haya si mageni kwa anayekaa karibu na karakana:

"Fundi, nichongee leo, pistoni inakuja na meli ya kesho. Watu wangu wanataka kwenda dago."

"Nahodha, nisamehe. Nikichonga kabla sijaiona, nitachonga kwa kubahatisha, na bahari wewe ndiye utakayekuwa nayo."

Fundi huyo ana haki. Pistoni mbili zilizoandikwa saizi moja hazilingani lazima, hasa zikiwa za viwanda tofauti, na silinda huchongwa ili ifuate pistoni yake. Pistoni hupimwa kwa maikromita sehemu ya chini ya ubavu wake, kwa kuukata mwelekeo wa pini, na si kichwani, kwa kuwa kichwa kwa makusudi kimefanywa kidogo zaidi ili kipate pa kufuria. Kipimo hicho kikijumlishwa na mwanya uliotajwa katika kitabu ndicho kipenyo cha mwisho cha silinda. Tuseme pistoni imepima 80.18 na kitabu kinataka mwanya wa 0.06: silinda itamalizwa kwenye 80.24. Fundi aliyeichonga kwa kufuata namba ya 80.25 iliyo kwenye boksi angekuwa ameongeza mwanya bila kujua. Pistoni ya silinda ya juu na ya silinda ya chini zitiwe alama, zisije zikabadilishana nafasi.

Kwa mchongaji, muulize mambo machache tu. Je, ataisimamisha bloku kwa kuufuata uso wa nyumba ya krenki ili tundu liwe wima kwake? Je, ataacha kiasi kidogo, kama sehemu tano za mia za milimita, kwa ajili ya kuhoni, au atamaliza kwa kisu cha kuchongea? Silinda iliyomalizwa kwa kisu ina mifereji inayokula ringi. Iliyohoniwa vizuri ina mistari myembamba inayokatana mshazari na kushikilia oili. Na je, atavunja makali ya matundu yote baada ya kuchonga? Kuchonga huyaacha matundu na ncha kali kama wembe, na ringi inayopita hapo hukwama na kukatika, na vipande vyake huimaliza pistoni, hedi na silinda mpya kwa pamoja. Kazi hiyo ni ya dakika chache kwa jiwe dogo la mkono, na ndiyo inayosahauliwa zaidi.

Bloku ikirudi, usiioshe kwa petroli. Petroli huondoa oili na kuuacha ule unga wa mawe ya kuhoni ndani ya vile vimistari. Ioshe kwa maji ya moto na sabuni na brashi, mara kwa mara, mpaka kitambaa cheupe kipite ndani na kutoka cheupe, kisha ikaushe na uipake oili hapohapo, kwa kuwa hewa yetu ya pwani huleta kutu kwenye chuma kitupu kwa muda wa kunywa chai.

Wakati wa kuipeleka

Kwa wanaovua dagaa kwa taa, siku za mbalamwezi ambapo vyombo hupumzika ndizo siku za kufanya kazi hii, na inafaa pistoni ziwe zimeshaagizwa tangu giza lililotangulia, hasa kwa aliyeko Pemba ambaye bloku yake itasafirishwa kwenda Unguja au Dar es Salaam. Wanaotegemea mkondo wa Pemba wakati wa kusi wasiichelewe mpaka upepo uanze. Mashine yenye kompresheni iliyoshuka huweza kuwaka gatini asubuhi na kukataa kuwaka ikiwa ya moto katikati ya maji, na hapo hakuna wa kuivuta isipokuwa chombo kilichobahatika kupita.

Wakati wa kufunga, alama ya UP kwenye kichwa cha pistoni ya mashine hizi hutazama upande wa flaiwili, na ncha za ringi hukaa kwenye vijipini vyake. Gasketi ziwe mpya zote, impela iwe mpya, na boliti za hedi zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, kwa mpangilio na kwa awamu mbili. Saa 10 za mwanzo mashine huendeshwa kwa mchanganyiko wenye oili maradufu, yaani sehemu 25 za petroli kwa moja ya oili, kwanza taratibu, kisha kwa nusu ya mafuta, kisha kwa vipindi vifupi vya zaidi, bila kubeba mzigo mkubwa na bila kuachwa ikizunguka kwa mwendo mmoja kwa muda mrefu. Zikiisha saa hizo, toa plagi uzitazame, pima kompresheni upya na uandike namba zake, na uchonge kwa msumari, mahali panapoonekana kwenye bloku, saizi ya silinda na mwaka, ili fundi atakayeifungua baadaye ajue mashine imebakiwa na nafasi ngapi.